Risasi Huenda Kasi Gani? Kuchagua na Kutumia Kronografu

Mtu mwenye saa ya kawaida aweza kupima kasi ya baiskeli, ya farasi, hata ya gari moshi. Huweka alama mbili barabarani, hupima umbali kati yake, huangalia saa chombo kinapopita alama ya kwanza na tena kinapopita ya pili, kisha hugawanya umbali kwa muda. Kanuni hii mwanafunzi huifahamu tangu kidato cha kwanza. Lakini ijaribu kanuni hiyo hiyo kwa risasi. Risasi ya bunduki huvuka uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 100 katika muda usiofikia sehemu moja ya sita ya sekunde. Kidole cha mtu mwepesi huhitaji yapata sehemu moja ya tano ya sekunde kubonyeza kitufe baada ya jicho kuona ishara. Kwa hiyo, kabla mpimaji hajaianzisha saa yake, risasi imekwisha kufika.

Hapa kanuni haikukosea. Kinachokosekana ni chombo kinachoweza kuona na kuhesabu upesi kuliko mwili wa binadamu. Chombo hicho huitwa kronografu, yaani kiandika-muda. Katika makala haya tutaeleza jinsi kilivyoanza, aina zake za leo, namna ya kuchagua na kutumia, na mwisho tutaonyesha jinsi shule isiyo na chombo hicho, wala isiyopaswa kugusa bunduki, inavyoweza kufanya kipimo cha aina hiyo hiyo kwa manati, kamba na pamba.

KWA NINI TUIJUE KASI HIYO

Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 kwa kuunganisha wilaya za Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, unapakana upande wa mashariki na nyika ya Serengeti. Ndani yake limo Pori la Akiba Maswa, ambamo uwindaji wa kitalii huruhusiwa kwa leseni. Kanuni za uwindaji nchini mwetu zinadai kwamba anayewinda wanyama hatari kama nyati au tembo atumie bunduki ya kalibri isiyopungua .375, yaani mtutu wenye kipenyo cha ndani cha yapata milimita 9.5. Wengi hudhani kwamba sharti hilo linahusu ukubwa wa tundu tu. Kwa kweli linahusu nishati, na nishati hutegemea kasi.

Nishati mwendo ya kitu ni nusu ya tungamo lake likizidishwa kwa kipeo cha pili cha kasi. Risasi ndogo ya kalibri .22, yenye tungamo la gramu 2.6 na kasi ya mita 330 kwa sekunde, ina nishati ya jouli 140 hivi. Risasi ya .303, iliyotumiwa na majeshi ya Waingereza kwa miaka mingi, ina gramu 11.3 na kasi ya mita 744 kwa sekunde, nayo hubeba jouli 3,100 hivi. Ile ya .375, yenye gramu 19.4 na kasi ya mita 770 kwa sekunde, hubeba zaidi ya jouli 5,700.

Sasa tuseme risasi za mwindaji zimehifadhiwa vibaya, baruti yake imeingia unyevu, na kasi imepungua kwa sehemu kumi katika mia. Nishati haipungui kwa kumi, bali kwa kumi na tisa katika mia, maana 0.9 ikizidishwa kwa 0.9 ni 0.81. Karibu sehemu moja ya tano ya nguvu ya risasi imetoweka, na kwa macho risasi zile zang'aa kama mpya. Nyati aliyejeruhiwa tu hafi pale alipopigwa. Huingia kichakani, na huenda atakayekutana naye kesho yake ni mchungaji au mama aliyekwenda kuokota kuni. Kasi ambayo haikupimwa yaweza kudai malipo kwa mtu ambaye hakushika bunduki.

Tarehe 29 Januari 2016, katika Pori hilo hilo la Maswa, rubani Mwingereza aliyekuwa akisaidia kuwasaka majangili waliokuwa wameua tembo aliuawa kwa risasi zilizopigwa kutoka ardhini kuielekea helikopta yake. Tukio hilo la msiba linatupa swali ambalo mwanafunzi wa fizikia apaswa kuweza kulijibu: je, risasi ikipigwa kwenda juu haichoki?

Tuseme risasi yenye gramu 7.9 imetoka kwenye mtutu kwa kasi ya mita 715 kwa sekunde, na chombo kiko mita 100 juu. Kwa kanuni ya mchapuko wa mvutano wa dunia, kipeo cha pili cha kasi hupungua kwa mara mbili ya 9.8 ikizidishwa kwa 100, yaani 1,960. Kipeo cha pili cha 715 ni 511,225. Toa 1,960, tafuta kipeuo cha pili, nawe utapata mita 713.6 kwa sekunde. Mvutano wa dunia umeipunguzia risasi mita moja na nusu tu! Hewa ndiyo mpinzani wa kweli: katika mita 100 za mwanzo risasi ya namna hii hupoteza yapata mita 80 hadi 90 kwa sekunde. Hata hivyo hufika juu ikiwa bado na zaidi ya robo tatu ya nishati yake. Kwa hiyo kimo cha mita mia si ngao.

ROBINS NA PENDULAMU LAKE

Mtu wa kwanza kupima kasi ya risasi kwa njia ya kutegemewa alikuwa Mwingereza Benjamin Robins, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1742. Yeye hakuwa na umeme wala saa ya kuhesabu sehemu za sekunde. Badala ya kushindana na kasi ya risasi, aliipunguza. Alitundika gogo zito la mti likaweza kuning'inia kama pendulamu, akalipiga risasi. Risasi ilizama ndani ya gogo, na gogo likasogea polepole kiasi cha kuonekana kwa jicho. Utepe uliofungwa kwenye gogo ulivutwa kadiri gogo lilivyosogea, na urefu wa utepe uliovutwa ukaonyesha ukubwa wa msogeo.

Siri yake ni kanuni ya uhifadhi wa momenta. Momenta, yaani tungamo likizidishwa kwa kasi, haipotei katika mgongano. Kama gogo na risasi kwa pamoja vina tungamo mara elfu moja ya lile la risasi, basi kasi yao baada ya mgongano ni sehemu moja ya elfu ya kasi ya risasi. Pima kasi hiyo ndogo, zidisha kwa elfu, kazi imekwisha.

Robins aliona kwamba risasi za wakati wake zilitoka kwa kasi ya yapata mita 500 kwa sekunde. Tena, kwa kusogeza pendulamu mbali zaidi na bunduki, aligundua kwamba hewa huizuia risasi kwa kani iliyo makumi ya mara ya uzito wa risasi yenyewe. Wataalamu wa mizinga wa siku zile walikuwa wakiihesabu hewa kuwa si kitu. Mwanahisabati mkubwa Leonhard Euler alikitafsiri kitabu hicho kwa Kijerumani mwaka 1745 na kukiongezea maelezo yake marefu. Hivyo kipimo cha gogo linaloning'inia kiliangusha imani iliyokuwa imekaa vitabuni kwa muda mrefu.

SAA INAYOANGUKA

Umeme ulipoingia maabara, Mbelgiji Le Boulengé alibuni katika miaka ya 1860 kronografu iliyotumika ulimwenguni kote kwa miongo mingi. Fimbo ndefu ya chuma ilishikwa juu na sumaku-umeme. Umeme wa sumaku hiyo ulipitia waya uliotandazwa mbele ya bunduki. Risasi ilipoukata waya, sumaku ilikufa na fimbo ikaanza kuanguka. Mbele zaidi ulikuwapo waya wa pili, uliolisha sumaku ya pili yenye fimbo fupi. Waya huo ulipokatwa, fimbo fupi ilianguka juu ya kifyatulio, na kisu kikaruka kuitia alama fimbo ndefu iliyokuwa bado ikianguka.

Chombo hiki kina ucheleweshi wake wenyewe, kwa hiyo kwanza hukatwa nyaya zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa desturi kilirekebishwa hata alama ikaangukia mahali pa sekunde 0.15, yaani milimita 110 kutoka mwanzo. Sasa piga risasi. Ikiwa nyaya ziko mita 30 mbalimbali na risasi inakwenda mita 750 kwa sekunde, muda kati yake ni sekunde 0.04. Jumla ni sekunde 0.19, na katika muda huo fimbo huanguka milimita 177. Tofauti ya sekunde 0.04, isiyoshikika kwa mkono, imegeuka kuwa tofauti ya milimita 67, ambayo mtoto mwenye rula aweza kuisoma. Robins aligeuza kasi kubwa kuwa ndogo. Le Boulengé aligeuza muda kuwa urefu.

KRONOGRAFU ZA LEO

Ziko aina tatu kubwa, na anayechagua apaswa kujua kila moja huona nini.

Aina ya kwanza hutumia mwanga. Vihisi viwili vya mwanga huwekwa katika mstari, mbalimbali, vikitazama juu. Risasi ikipita, kivuli chake hupunguza mwanga kwa kitambo kidogo. Kihisi cha kwanza huanzisha saa ya kioo cha kwatsi, cha pili huisimamisha. Bei yake ni nafuu kuliko ya nyingine na kanuni yake ni wazi kabisa. Ubaya wake ni kwamba hutegemea anga, na risasi iliyopigwa chini kidogo huweza kukivunja chombo.

Aina ya pili hufungwa kwenye mdomo wa mtutu wenyewe, na vihisi vyake vya sumaku huitambua risasi ya chuma inapopita. Haijali mwanga. Lakini uzito wake hubadili mtikisiko wa mtutu, kwa hiyo haifai kupima shabaha na kasi kwa wakati mmoja.

Aina ya tatu ni rada. Hutuma mawimbi nyuma ya risasi, nayo mawimbi hurudi yakiwa na tofauti ya marudio iliyo sawa na mara mbili ya kasi, ikizidishwa kwa marudio ya wimbi na kugawanywa kwa kasi ya mwanga. Kwa wimbi la gigahetsi 24 na risasi ya mita 750 kwa sekunde, tofauti hiyo ni hetsi 120,000. Kanuni hii ndiyo ya vipima-kasi vya rada vya polisi wa barabarani, ambavyo madereva huviita tochi, ingawa tochi nyingi za siku hizi hutumia miali ya leza. Kwa wimbi hilo hilo, gari la kilometa 50 kwa saa hutoa tofauti ya hetsi 2,200 hivi. Rada huweza kuifuata risasi kwa makumi ya mita na kuonyesha jinsi hewa inavyoipunguza, lakini bei yake ni kubwa zaidi.

Mnunuzi asidanganywe na tarakimu nyingi kwenye kioo. Chukua chombo cha mwanga chenye vihisi vilivyo sentimita 60 mbalimbali. Risasi ya mita 750 kwa sekunde hupita hapo katika maikrosekunde 800. Saa ikikosea kwa maikrosekunde moja, kasi hukosewa kwa mita moja tu kwa sekunde. Lakini umbali kati ya vihisi ukikosewa kwa milimita tatu, kasi hukosewa kwa karibu mita nne. Basi udhaifu wa chombo uko zaidi katika rula kuliko katika saa. Vihisi vikitenganishwa kwa mita mbili, kosa lile lile la milimita tatu huleta kosa la mita moja na kidogo tu. Kwa hiyo uulize kwanza urefu na uimara wa reli, ndipo uulize wepesi wa saa.

KUKITUMIA CHOMBO

Kwanza, usikiweke karibu mno na mdomo wa mtutu. Mshindo na gesi za baruti huweza kukifyatua kihisi kabla ya risasi. Mita tatu hadi tano hufaa. Kumbuka kwamba kasi inayosomwa ni ya hapo chombo kilipo: kwa risasi inayopoteza mita 85 katika kila mita 100, chombo kilichoko mita nne mbele kitasoma mita tatu na zaidi pungufu ya kasi ya mdomoni.

Pili, njia ya risasi iwe sambamba na reli. Ikiinama kwa digrii tano, risasi husafiri njia ndefu zaidi kati ya vihisi, na kasi husomeka pungufu kwa mita tatu hivi katika 750.

Tatu, liangalie jua. Bariadi iko karibu digrii tatu kusini ya ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita karibu utosini kabisa na kuvichoma vihisi vinavyotazama juu. Plastiki nyeupe hutandazwa juu ya vihisi ili mwanga usambae sawasawa. Saa za jioni nazo jua la pembeni hung'arisha ubavu wa risasi, na kihisi kimoja huweza kuiona mapema kuliko mwenzake.

Nne, usiziache risasi juani. Baruti iliyopata moto huungua upesi zaidi, na kasi hupanda. Vipimo vya asubuhi na vya adhuhuri visichanganywe bila kuandika hali ya joto.

Tano, kipimo kimoja si kipimo. Tuseme risasi tano zimetoa 738, 745, 741, 749 na 742. Wastani ni 743, na mtawanyiko wa kawaida ni mita 4 hivi. Mtawanyiko huo huonyesha kama risasi zinafanana. Katika gobore, ambalo baruti yake hupimwa kwa mkono na kushindiliwa kwa fimbo, tofauti kati ya mlio na mlio huwa kubwa zaidi sana, na hiyo ni sababu mojawapo ya silaha hiyo kujeruhi wanyama ovyo.

Yote haya ni kazi ya mwenye silaha halali, katika uwanja wa shabaha ulioruhusiwa. Umiliki wa silaha nchini huongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na shule haina nafasi humo.

KAZI YA DARASANI

Shule yaweza kurudia jaribio la Robins bila baruti. Tafuta katoni imara, ijaze pamba iliyoshindiliwa, ambayo Simiyu haikosi, na upande wa kulengwa uache tabaka nene la pamba ili kitu kizame. Itundike kwa kamba nne zenye urefu wa mita 2, ili isogee bila kuzunguka. Nyuma yake weka kijiti chepesi juu ya rula. Katoni itakisukuma na kukiacha pale ilipofika. Kitu cha kurusha kiwe tufe la udongo mkavu, lirushwe kwa manati kutoka mita mbili. Hata tufe la udongo hupofua jicho: mtu asisimame mbele wala kando ya katoni, na nyuma yake kuwe na tuta au ukuta.

Tuseme tufe lina gramu 20, na katoni pamoja na tufe ni gramu 800. Katoni imesogea mita 0.34. Kasi ya katoni ni msogeo ukizidishwa kwa kipeuo cha pili cha 9.8 gawanya kwa urefu wa kamba. Kipeuo cha pili cha 4.9 ni 2.21, na 0.34 mara 2.21 ni 0.75. Tungamo la pamoja ni mara 40 ya tufe, basi tufe lilikuja kwa kasi ya mita 30 kwa sekunde, yaani kilometa 108 kwa saa.

Hapa mwalimu awe macho. Wanafunzi wengi watataka kutumia uhifadhi wa nishati tangu mwanzo hadi mwisho. Wakifanya hivyo watapata mita 4.8 kwa sekunde, jibu ambalo kila aliyewahi kupigwa na jiwe la manati atalikataa. Kabla ya mgongano tufe lilikuwa na jouli 9. Baadaye katoni ina jouli 0.23 tu, sehemu moja ya arobaini. Zilizobaki zimekwenda katika kubonyeza pamba na kuipasha joto. Nishati mwendo haikuhifadhiwa katika mgongano, momenta imehifadhiwa. Tofauti hiyo huwasumbua watahiniwa kila mwaka, na katoni moja ya pamba yaweza kuimaliza katika kipindi kimoja.

Njia ya pili yafaa kuhakikisha ya kwanza. Weka debe tupu mita 6 kutoka kwa mwenye manati, na simu inayorekodi sauti iwe na umbali sawa na manati na debe. Mlio wa mpira na mlio wa debe vitachelewa sawasawa kuifikia simu, hivyo ucheleweshi wa sauti hujifuta wenyewe. Pima muda kati ya milio hiyo katika programu inayoonyesha mawimbi ya sauti. Kwa mita 30 kwa sekunde, muda utakuwa sekunde 0.2. Njia mbili zenye misingi tofauti zikikubaliana, mwanafunzi ana haki ya kuliamini jibu lake. Zikipingana, amepata kazi ya kweli ya sayansi, yaani kutafuta kosa liko wapi.

MASWALI

1. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vikundi vya sungusungu vilipoenea Usukumani, silaha yao ilikuwa uta na mishale. Mshale wa gramu 25 umezama katika katoni; kwa pamoja vina kilo 1. Kamba ni mita 2.5, msogeo ni mita 0.55. Mshale ulikuwa na kasi gani?

2. Kronografu yenye vihisi vilivyo mita 0.600 mbalimbali imesoma maikrosekunde 806. Tafuta kasi. Ikiwa umbali wa kweli ni mita 0.597, jibu litabadilika kwa kiasi gani?

3. Risasi ya gramu 19.4 ilipaswa kwenda mita 770 kwa sekunde, lakini imepungukiwa na sehemu kumi katika mia. Imepoteza jouli ngapi?

Majibu: (1) yapata mita 44 kwa sekunde, (2) mita 744 kwa sekunde, na hupungua kwa karibu mita 4, (3) yapata jouli 1,090.